Mfalme wa Kanga na Mkia Uliokuwa Mbele Yake

Kanga, ndege wa madoadoa, walikuwa na sheria moja: kila mmoja yuko huru kwenda atakako, mradi amfuate aliye mbele yake.

Siku ya kiu kali, Mfalme Kororo aliwaongoza kwenda kisimani. Walipozunguka kichuguu, ghafla akaona mkia mbele yake. Naye hakuwa mfalme wa kuvunja sheria, akaufuata.

Wakazunguka wee, jua likiwachoma.

Bi Tipwa, aliyekuwa wa mwisho mstarini, akageuza shingo. "Mfalme, mbona hatufiki?"

"Muulize aliye mbele yangu!"

"Aliye mbele yako ni mimi."

Mfalme akaduwaa. "Basi tupeleke wewe!"

"Nami namfuata aliye mbele yangu."

Kisima kilikuwa hapo kando. Kila walipozunguka walikipita, wakakitazama, wakameza mate.