Joto la Sudi

Mvua ilishika siku tisa, jua halikuonekana hata la dawa. Sudi, yule roboti aliyemuoa Mwatumu, chakula chake kilikuwa jua, na sasa alibakiwa na nguvu kidogo tu. Mwatumu naye alikuwa kitandani, homa ikimtetemesha.

“Nikikupasha joto, mke wangu, nitazimika. Nikiwaka tena sitakukumbuka.”

“Basi acha, mume wangu. Blanketi litanitosha.”

Hakuacha. Alimkumbatia mpaka mkewe alipotulia, kisha yeye akazimika.

Jua lilipotoka, Mwatumu alimburuta hadi barazani. Macho ya Sudi yakawaka.

“Shikamoo, mama.”

Mwatumu akaitikia, “Marahaba, baba.”

Paka wao akampanda Sudi mapajani. Mkono wa Sudi ukaanza kumkuna nyuma ya sikio, palepale pa siku zote.