Feni ya Baba Neema

Tangu sheria ilipoamuru kila marehemu akae nyumbani kwake mwaka mzima kabla ya kuzikwa, fundi Kihwelo hakukosa kazi. Leo aliitwa na Mama Neema, mjane aliyelalamika kwamba feni ya chumba cha baridi cha mumewe, ile ya nje ukutani, inawaka ovyo.

Kihwelo alifunga geji ya kupimia presha ya gesi, akakaza skrubu kupandisha kiwango cha presha kinachoiwasha feni, akasubiri. Feni ikatulia.

"Sasa itawaka joto likitoka ndani tu," alisema. "Na miezi minane hii mlango haujafunguliwa, mama. Humo hamna joto."

Mama Neema alimpa kikombe cha chai. Kisha akaugonga ukuta kwa kiganja, kama mtu anayemwamsha mwenzake.

"Baba Neema, fundi amekuja."

Mshale wa geji ulipanda. Feni ikawaka, ikampulizia Kihwelo hewa ya uvuguvugu shingoni.

Aliweka chai chini, akakaza skrubu ya presha mpaka mwisho. Feni haikuzimika.

"Basi iache, mwanangu," alisema Mama Neema taratibu. "Nilitaka tu na mtu mwingine aione."