Dakika Arobaini Kutoka Dodoma

"Ongeza mwendo," Calist alisema. "Saa nne imeshapita. Ndege imeshapaa Dodoma."

"Sasa ndege ya Dodoma inakuhusu nini, braza?" Mansuri, dereva wa bodaboda, aliuliza bila kugeuka. "Wewe uko Ikungi, umekalia pikipiki yangu."

Calist alitazama tena saa. Ndege hutumia dakika arobaini kutoka Dodoma mpaka Singida. Yeye alikuwa amebakiza kilomita karibu arobaini za lami. Basi alilopanda Dodoma alfajiri lilikuwa limekufa pale Ikungi, na abiria walikuwa wamekaa kwenye kivuli chake wakitafuna mahindi.

Uongo ulianza kidogo tu. Wajomba wa Jesca walisema binti yao hawampi kibarua wa kubeba zege. Calist akawaambia amepata kazi ofisini, na siku ya posa atakuja kwa ndege. Baba yake kule Misigiri aliamini kila neno. Alilia kwenye simu kwa furaha, akauliza mpaka saa ya kuondoka. Na leo Mzee Naftali, mjomba mkubwa wa Jesca, alikuwa uwanjani kumpokea. Akimwona anashuka kwenye pikipiki, Jesca ndiyo basi tena.

Simu iliita. Mama.

"Shikamoo mama. Baba yuko wapi?" Calist alipiga kelele kuushinda upepo.

"Marahaba. Katoka tangu jana. Anasema siku kama ya leo hawezi kukuacha peke yako. Nampigia sasa hivi, hapatikani."

Kwa hiyo hata baba yuko uwanjani. Calist alimgonga Mansuri begani aongeze mwendo.

Walipokaribia mjini, mngurumo ulipita juu ya vichwa vyao.

"Hiyo inakuacha!" Mansuri alicheka, akalalia usukani.

Uwanjani, watu wote walikuwa kwenye uzio wakitazama panga za ndege zikipunguza mwendo. Calist alishukia nyuma ya jengo, karibu na vyoo. Alijifuta uso, akapangusa viatu kwa kiganja. Abiria wa kwanza walipotokeza mlangoni, alijichomeka katikati yao, begi begani.

"Mkwe wetu!" Mzee Naftali alimkumbatia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba! Safari vipi?"

"Nzuri tu. Dakika arobaini. Nilisinzia njia nzima."

"Mmesikia?" Mzee aliwageukia wenzake. "Mwenzenu anasinzia hewani!"

Walicheka wote. Calist naye akacheka, pumzi zikamrudi. Alimtafuta baba yake kwenye kundi la wapokeaji, hakumwona.

Nyuma yake, abiria wa mwisho alikuwa akitoka mlangoni polepole, mkono mmoja ukutani.

"Calist," baba yake alisema. "Nimekutafuta kiti kwa kiti."