Kiraka Begani

Panya walikuwa wametoboa ngozi ya chui begani, mahali ambapo kila mtu hutazama siku mtemi mpya anapotawazwa. Na katika mji ule, mtemi hatawazwi akiwa amevaa ngozi yenye tundu. Mwindaji Ngasa alikuwa ameshanoa mkuki. Kilimani alibaki chui mmoja tu, jike, ambaye mngurumo wake ulisikika mjini kama msumeno unaokata ubao.

"Nitaiziba," alisema Nyamizi, fundi cherehani.

"Wazee wakikikataa kiraka chako, shangazi, napanda kilimani," Ngasa akajibu.

Nyamizi akakata kipande cha mahameli ya rangi ya mchanga, akakitia madoa kwa wino na unyoya wa kuku. Alipokilinganisha na ngozi, akaguna. Alikuwa amechora vitone vilivyojaa, vya duma. Doa la chui lina uwazi katikati, kama ua. Akakata kipande kingine, akachora doa moja moja, kila moja tofauti na jirani yake.

Siku ya kutawazwa, wazee walimzunguka mtemi, wakaikagua ngozi, wakaridhika. Mtemi mwenyewe akapitisha kidole begani polepole, na kidole kikasimama juu ya mahameli. Nyamizi akainamisha macho.

"Ngasa," mtemi akasema, "rudisha mkuki nyumbani. Ngozi ni nzima."

Akatembea hadi kwenye kiti bila kukiondoa kidole. Kabla ngoma hazijalia, kule kilimani msumeno ulikata ubao kidogo, ukanyamaza.