Mgeni wa Nyuma Kabisa

Kirukanjia, yule mnyama kama panya mwenye pua ndefu, huwatembeza wanawe kwa mstari: mkubwa anauma mkia wa mama, wengine wanaumana mikia hadi kitinda mimba. Siku moja Kidomo, mkubwa wao, akagoma.

"Mama, mimi wa kuuma mikia bado?"

"Haya baba, tangulia."

Akatangulia kifua mbele, lakini njia nzima mdomo ulimpwaya kwa kukosa mkia. Akajificha, akawaacha wapite, kisha akadandia nyuma kimyakimya.

"Mama, naumwa mkia!" kitinda mimba akalalamika.

"Nani huyo?"

"Mgeni tu, mama," akajibu Kidomo, mdomo umejaa.

Mama hakugeuka, ila alipunguza mwendo. "Basi mgeni aume vizuri. Tunakata kona."