Fundi Baiskeli wa Ukutani

"Kifungo cha tatu hakikuwapo," Bibi alisema kutoka chini. "Hesabu kuanzia shingoni. Kitoe."

Mchoraji alishusha brashi. Alikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi, rangi ya bluu imemfika hadi kwenye nyusi, na uzinduzi ulikuwa keshokutwa. Baraza la mji lilimpa ukuta mzima wa posta ya zamani auchore mtaa wa kati kama ulivyokuwa miaka arobaini iliyopita: huku karakana ya baiskeli, ng'ambo yake duka la mikate lenye ghorofa moja. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Ikiwapendeza wenye mji, angepewa na kuta za soko.

"Jamani, Bibi, nani atakiona kifungo?"

"Mimi."

Kifungo kikatoka.

Bibi, mkazi wa zamani wa mtaa huo, alikuja wiki nzima. Alimpakata Kidoti, binti wa mchoraji mwenye miezi minane, ili mama mtu afanye kazi, na huku akimbembeleza alimsahihisha fundi baiskeli wa ukutani. Kiraka cha suruali, goti la kulia. Spana, mkono wa kushoto. Kofia isogee nyuma kidogo.

"Na mdomo?"

"Uchongoe. Alikuwa akipiga mluzi kutwa."

"Wimbo gani?"

Bibi akapata shughuli ya kumfuta Kidoti udenda.

"Mlikuwa pamoja miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja. Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Jumapili hapana."

"Mimi na baba Kidoti tungekuwa na ratiba hiyo, tusingegombana hata kidogo!"

Bibi alicheka mpaka Kidoti naye akacheka, ingawa hakujua kinachochekwa.

"Marehemu alikuwa na bahati," mchoraji alisema.

"Usimwite hivyo."

Alitamka upesi mno. Mchoraji akajilaumu, akashuka ngazi na kumshika bega. "Pole, bibi yangu."

Bibi akamgeuza Kidoti autazame ukuta.

Likabaki dirisha la ghorofani, juu ya duka la mikate.

"Hapa alikuwa akikaa nani?"

"Lifunge tu. Hapakuwa na mtu wa maana."

Mchoraji akachora mbao mbili, akalifunga.

Siku ya uzinduzi katibu wa baraza alimwekea Bibi kiti cha mbele, pamoja na familia za waliochorwa. Bibi akagoma. "Huku nyuma kuna kivuli," alisema, akaketi na Kidoti mapajani. Turubai lilipovutwa, mtaa mzima ulilipuka kwa vigelegele.

"Ona tumbo la mwoka mikate!"

"Huyo baba yangu huyo! Na wasiwasi wa deni la viatu usoni!"

Mchoraji akashusha pumzi aliyoishikilia tangu alfajiri.

Katikati ya kelele ukasikika mluzi. Mzee mmoja alikuwa akija polepole, anasukuma baiskeli, kofia imesogea nyuma kidogo. Huko nyuma, Bibi aliacha kupiga makofi.

Mzee alisimama mbele ya karakana iliyochorwa. Akajitazama ukutani, akajipapasa kifua.

"Ni mimi! Hata kifungo!" Akacheka mpaka akashika usukani asianguke. "Nani kawaambia? Nilikuwa kapera, naishi peke yangu. Hata mama yangu hakukijua kifungo hiki."

Mchoraji aligeuka kumtafuta Bibi. Kiti kilikuwa kitupu.

"Umenipatia hasa, mwanangu," mzee aliendelea. "Kosa ni moja tu. Dirisha lile la ghorofani halikufungwa hata siku moja. Pale alikuwepo msichana mpiga taipu, mwenye kitambaa cha kijani. Kila mstari ukiisha, anachungulia chini. Miaka kumi na mmoja, na sikuthubutu hata kumwuliza jina." Akavua kofia. "Lifungue dirisha, nakuomba. Mchore pale. Na penseli yake, sikio la kulia."

"La kushoto," ilisema sauti nyuma yake.