Heroe na Sketi ya Baleti

Basi bwana, Heroe, yule ndege wa miguu mirefu, alivaa sketi ya baleti, ile pana ya kuchezea dansi, hadi kisimani. Mama Kware, aliyekuwa akiibiwa mayai, akaitilia shaka.

"Sketi imetuna vile, mama, unangoja nini? Mayai yamo humo!" alichochea Nguchiro, mlinzi wa kiota.

Heroe akaivua. "Ivae wewe, kaka. Ficha yai tuone."

Mama Kware akatoa yai moja, roho juu. Nguchiro akaivaa sketi, akalificha yai ndani, akajizungusha kwa mbwembwe. Yai likadondoka majanini, zima. Nguchiro akajisahau: akalinyakua, akalirusha nyuma katikati ya miguu, likapasuka jiweni, akalilamba.

"Dada, vaa sketi yako," alisema Mama Kware. "Na wewe mlinzi, ufundi huo umejifunzia mayai ya nani?"